Beri Chotara Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Wiki iliyopita binti mmoja mwalimu kutoka Msanzi alikuja kwangu na bodaboda kununua miche minne ya beri. Aliitia kwenye mfuko wa salfeti, akaipakata kama mtoto, na kabla dereva hajawasha pikipiki akaniuliza, "Babu, hii itazaa lini?"

"Mwaka wa pili, karibu na Krismasi."

"Mbona kwenye simu wameandika mwaka wa kwanza?"

"Basi ipeleke kwenye simu ikazae huko."

Dereva alicheka mpaka akasahau alichokuwa anafanya. Binti hakucheka. Alisema, "Nataka kujua ni kwa nini." Nikampenda hapo hapo, na nikamwonea huruma, maana mimi nami nilianza na swali hilo. Dereva alikuwa na haraka, akamwondoa kabla sijamjibu. Jibu lake ni hili, na ninyi wengine mnaokuja hapa kuchukua miche mlisome kabla hamjashika panga.

Tuanze na miiba, kwa sababu yenyewe haitawasubiri mmalize kusoma. Mwiba wa beri haufanani na mwiba wa mgunga unaochoma na kukuacha uende. Huu umepinda. Ukiingia kwenye ngozi na wewe ukavuta mkono, unakushika zaidi. Dawa yake ni kurudisha mkono ulikotoka, taratibu, kama mtu anayetoka chumbani ambamo mgonjwa amelala. Vaa shati la mikono mirefu usilolipenda. Na usimtume mtu mwenye hasira kupogoa beri. Nimeona ndoa ikitikisika kwa ajili hiyo.

Mimi nilikuwa kijana msumbufu. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya kilimo na tabia ya kutokubali jambo lolote mpaka nielezwe sababu. Nyumbani niliuliza kwa nini maharage hupandwa wiki ile na siyo ile. Niliuliza kwa nini mtoto wa kwanza haruhusiwi kula firigisi. Nilimwuliza hata katekista wetu swali moja lililomfanya mama aniombee novena. Nilidhani mtu anayeuliza sana hawezi kudanganyika. Sasa nimestaafu, bado nauliza, lakini hilo la kutodanganyika nimeliacha.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kitalu kimoja kidogo cha serikali huku Ufipa. Nilifika mwezi wa tatu mvua zikiwa bado nzito. Kulikuwa na miti ya matunda ya kila aina iliyoletwa zamani kujaribiwa kwenye baridi yetu, mapera, mapichi, na pembeni kabisa mstari mmoja wa beri chotara. Chotara maana yake ni kwamba wataalamu huko mbali walizalisha aina moja ya beri na nyingine, wakapata tunda refu kama kidole gumba, jekundu linaloelekea weusi, lenye ukali wa kwanza na utamu wa pili. Hayo niliyasoma kwenye jalada. Tunda lenyewe sikuliona, maana msimu wake ulikuwa umepita.

Aliyetunza mstari ule alikuwa Mzee Didas, kibarua wa miaka mingi, mtu wa kando ya Ziwa Tanganyika aliyepanda huku juu ujanani akakubali baridi. Mwezi wa sita, nyasi zilipoanza kukauka, nilimkuta akishughulikia beri. Beri haina shina moja kama mchungwa. Kutoka chini hutoka fito nyingi, ndefu kuliko mtu, zinazoinama zenyewe. Mzee Didas alikata fito zilizokauka, kisha zile za kijani akazilaza upande mmoja wa waya na kuzifunga kwa kamba za magome, moja moja, kama anasuka nywele.

"Mzee Didas, shikamoo. Mbona hizi hukukata?"

"Marahaba. Hizi haziguswi, bwana mdogo."

"Kwa nini?"

"Hizi ni watoto. Wale waliokwenda ni wazee."

"Lakini kwa nini watoto wasikatwe? Wadudu si watajificha humo wakati wa kiangazi?"

Alinitazama, akatazama kamba mkononi. "Ndivyo nilivyoikuta kazi," alisema, akaendelea kufunga.

Basi hilo kwangu halikuwa jibu. Chuoni tulifundishwa usafi wa shamba. Mkulima wa pamba akimaliza kuvuna ni lazima ang'oe masalia yote ayachome, asipofanya hivyo wadudu wanavuka kiangazi na kurudi wengi. Nikamwona Mzee Didas kama mtu aliyefanya nusu ya kazi kwa sababu aliyemfundisha naye alifanya nusu. Nikaandika kwenye daftari langu: upogoaji haujakamilika.

Mwezi wa nane kitalu kikafungwa. Zilikuwa siku za soko huria. Ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondoka, malori ya wanunuzi binafsi yalikuwa yakipanda Ufipa kutafuta mahindi, maduka ya mjini Sumbawanga yalijaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na sisi watumishi tuliambiwa kwamba tumezidi. Mzee Didas alikunja blanketi lake akarudi kwao ziwani. Kabla ya kuondoka alinichimbia miche kumi na miwili ya beri, akaipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, akasema, "Itunze. Krismasi utakula." Hakusema Krismasi ya mwaka gani, na mimi niliyeuliza kila kitu hilo sikuliuliza.

Nilikwenda kwa shangazi yangu Leonsia, dada wa baba, aliyekuwa na nyumba Katandala na kiwanja kirefu nyuma yake. Shangazi alikuwa mjane na alijilisha kwa kiwanja kile. Nilimfikia na begi moja la nguo na makopo kumi na mawili ya miti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Wenzako wakitoka kazini wanakuja na redio. Hiyo ni nini?"

"Ni beri, shangazi. Chotara."

"Zina miiba."

"Zina matunda."

"Mimi naona miiba."

Nilimwonyesha kopo la jamu nililonunua dukani, kutoka nje, lenye picha ya beri kama zangu. Nikamwambia nyumba za wageni za mjini zinanunua jamu hizi kutoka mbali ilhali tunda lenyewe linaweza kukaa hapa nyuma ya jiko. Alionja jamu kwa ncha ya kidole, akasema ni tamu lakini kopo halioti. Kisha akanipa masharti, amesimama, mikono kiunoni, na ninayakumbuka neno kwa neno:

"Nakupa mvua tatu. Nusu ya kiwanja ni yako. Mvua ya tatu, nyasi zikinifika kiunoni, kama sijala tunda kutoka kwenye miti yako, nageuza ntumba zangu za maharage na wewe unakwenda kwa baba yako mdogo ukapakie magunia kwenye lori."

Kwa wageni wa Ufipa, ntumba ni vilima vya mviringo tunavyotengeneza mwishoni mwa mvua. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaugeuza ili nyasi zilale ndani, zinaoza humo, na kilima kinakuwa mbolea yenyewe. Wakati ule mbolea ya dukani ikiwa haishikiki, wazee waliokuwa wakichekwa kwa ntumba walianza kusalimiwa kwa adabu zaidi. Shangazi alikuwa fundi wake. Vilima vyake vilikaa kwenye mstari kama mikate kwenye sinia.

Baba mdogo alikuwa na lori na alikuwa ananisubiri kwa furaha. Yeye aliona shahada yangu kama ugonjwa ambao jasho lingeutoa. Kwangu mimi lori lile lilikuwa mwisho. Sikuogopa magunia. Niliogopa kwamba nikipanda lori lile sitarudi tena kwenye udongo, na yote niliyosomea yatabaki kuwa hadithi ya kusimulia kwenye kilabu cha pombe.

Miche miwili niliipeleka kwa rafiki yangu karibu na Kaengesa, ili kama ya Katandala ikifa nisibaki mikono mitupu. Kumi niliipanda nyuma ya nyumba, mwanzo wa mvua, hatua mbili kutoka shina hadi shina. Hapo nisikilizeni, maana hili nililipatia: beri haitaki kusimama kwenye maji. Udongo wetu mwekundu unashika maji mwezi wa pili, kwa hiyo inua tuta kiganja kimoja juu ya ardhi na uchanganye samadi iliyopoa. Samadi ya moto inaunguza mizizi. Ukitaka kujua kama imepoa, chomeka ufito ndani ya rundo uuache kwa muda, kisha uutoe na uushike. Ukiruka, bado.

Mvua ya kwanza ziliota vizuri. Fito zilinifika kifuani, na chache zilizokuwa karibu na uzio wa minyaa zilipenya upande wa pili kwa jirani. Mwezi wa sita nikachukua panga nikazikata zote mpaka chini, nikafagia, nikachoma. Uwanja ukawa msafi kama wa kanisa. Shangazi alisifu. Kwetu uwanja wenye vichaka ni uwanja wa mvivu na nyoka, na alikuwa amevumilia miiba ile miezi mingi. Nikapanda na baiskeli mpaka Kaengesa, nikazikata na zile mbili.

Krismasi hakuna kitu. Majani mapya tu.

Nikaanza kutafuta sababu, na mtu aliyesoma hakosi sababu. Nikaamua ni baridi. Vitabu vinasema beri za namna hii zinahitaji baridi ya kutosha zikiwa zimelala ndipo zitoe maua. Nikaazima kipimajoto, nikawa naamka alfajiri mwezi wa tano kupima bustani nikiwa nimejifunga blanketi. Shangazi alikuwa akinipita na ndoo ya maji.

"Inasemaje leo?"

"Baridi haitoshi, shangazi."

Alitazama mvuke ukitoka mdomoni mwangu, akatazama vidole vyangu vilivyokakamaa. "Haitoshi," alirudia, akaenda zake.

Baadaye nikaamua ni mbolea. Baadaye nikaamua ni nyuki, kwamba hawaijui harufu ya ua geni, nikasahau kwamba ua lenyewe halikuwepo. Mvua ya pili fito zilikua ndefu kuliko mimi, nyekundu shingoni, nzuri mno. Mwezi wa sita nikazikata zote, na zile za Kaengesa tena. Safari hii nilikata kwa uangalifu zaidi, chini kabisa, kwa sababu niliamini mara ya kwanza niliacha visiki virefu.

Mnaona? Nilikuwa nauliza kuhusu baridi, udongo, nyuki na kitabu. Panga langu sikuliuliza kitu.

Jirani wa upande wa pili wa uzio alikuwa Mama Kulwa. Yeye na mumewe walikuja na ng'ombe kutoka Usukuma, mume akawa anakaa na mifugo huko bondeni na yeye akawa mjini na ndama wachache na mbuzi. Watu wa mtaani walimwona mgeni, lakini yeye na shangazi walielewana kwa sababu wote wawili walisema kweli bila kuizungushia kitambaa. Mvua ya tatu, wiki moja kabla ya Krismasi, nilikwenda kwake kuomba samadi. Nilimkuta jikoni anakanda unga. Pembeni ya kinu kulikuwa na bakuli la bati, na ndani ya bakuli kulikuwa na beri.

Zilijaa nusu bakuli. Ndefu, nyeusi kwa wekundu wake, zingine zimepasuka na kutoa maji.

"Mama Kulwa. Umezitoa wapi?"

"Kwenye uzio. Karibu, chukua. Nilidhani umechoka kuzila ndiyo maana huji."

"Sijawahi kuzila."

Aliacha kukanda. "Wewe si ndiye mwenye mti?"

"Yangu haijazaa."

"Sasa haya ni ya nani?"

"Ni yangu. Maana yake, mti umetoka kwangu."

"Umetoka kwako ukaja kwangu." Alifuta mikono kwenye kanga, uso wake haukuonyesha kama anatania. "Binti akitoka kwao akazaa kwa mume, baba yake anakwenda kudai watoto? Labda ungetaka ng'ombe. Sema basi ni wangapi, nimwambie Baba Kulwa."

"Mama Kulwa, tafadhali. Uliutunzaje?"

"Nani ana muda? Ncha zilitoka kwako zikalala kwenye tuta langu, nikaona zimetia mizizi. Nikazilaza kwenye uzio ili ndama wasipite. Miiba yake mizuri sana, Bwana Shamba. Ndama alijaribu mara moja tu."

"Hukuzikata mwezi wa sita?"

"Nikate uzio wangu mwenyewe?"

Nilitoka nje nikaenda kwenye uzio. Nilipiga magoti kwenye matope nikafuata kila tunda kwa kidole mpaka ufito wake, na kila ufito mpaka chini. Kila ufito uliobeba matunda ulikuwa wa kahawia, mgumu, wenye vijitawi vya pembeni. Ulikuwa wa mvua iliyopita. Na pale pale kwenye shina moja palikuwa na fito za kijani, laini, ndefu, zisizo na tunda hata moja. Hizo zilikuwa za mvua hii.

Binti wa Msanzi, hapo ndipo jibu lako lilipo. Ufito wa beri unaishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza unakua tu. Mwaka wa pili unazaa, kisha unakufa. Ukiukata kabla ya mwaka wa pili umekata matunda ambayo hujayaona. Ukiuacha baada ya kuzaa, umekaribisha wadudu na ugonjwa. Kwa hiyo kila kiangazi unakata wazee na kufunga watoto, kama Mzee Didas alivyofanya mbele ya macho yangu. Yeye hakuwa na sababu lakini alikuwa na matunda. Mimi nilikuwa na sababu tele.

Nilikula beri ya kwanza ya maisha yangu nimepiga magoti kwenye kiwanja cha watu. Nilichuma iliyong'aa, ikanikunja uso. Mama Kulwa akanipigia kelele kutoka mlangoni, "Inayong'aa bado! Chukua iliyofifia!" Ni kweli. Beri ikiwa tayari hupoteza mng'ao wake, na ukiigusa inakuja yenyewe mkononi pamoja na moyo wake mweupe. Ukilazimika kuivuta, iache. Hili sijaliona kwenye kitabu chochote.

Nilikwenda kwa shangazi nikiwa na beri kumi kwenye kiganja. Alikuwa anapepeta ulezi.

"Shangazi, onja."

"Zimetoka wapi?"

"Kwa Mama Kulwa. Lakini mti ni mmoja! Sasa nimejua kosa. Nilikuwa nakata fito za..."

"Nilisema kutoka kwenye miti yako."

"Nipe mwaka mmoja tu. Mwezi wa sita sitakata. Krismasi ijayo utakula."

"Hii ni mvua ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Basi."

"Lakini shangazi, sasa najua!"

Aliweka ungo chini. "Mara ya kwanza ulijua. Ulijua baridi. Mara ya pili ulijua mbolea. Mimi sijawahi kukuona hujui, baba. Na maharage yangu nusu kiwanja sijayala tangu uje." Akachukua ungo wake. Beri zangu hakuzigusa. Nilizila mwenyewe, na siku hiyo hazikuwa na utamu.

Sikumlaumu, maana alikuwa amenipa alichoahidi, na kwetu mtu anayeongeza siku kwenye neno lake anaweza pia kuzipunguza. Lakini kwenye lori sikupanda. Nilihesabu muda: kutoka Krismasi mpaka nyasi kufika kiunoni kulikuwa na wiki saba au nane. Ncha iliyoangukia kwa Mama Kulwa ilitia mizizi bila kuombwa. Kwa nini isitie mizizi nikiiomba?

Nikamwuliza shangazi kama ukingo wa uzio, upana wa jembe moja, ni sehemu ya bustani. Alifikiri akasema uzio ni uzio. Hilo lilinitosha. Kila ufito uliokuwa na urefu wa kufika pale niliuinamisha. Uliokuwa mfupi niliusogezea udongo kwenye kopo. Unachimba shimo la kina cha kiganja, unaingiza ncha kichwa chini, unafukia, unakandamiza kwa kisigino, unaweka jiwe juu usije ukainuka. Usikate ufito kutoka kwa mama yake mpaka ncha iwe na mizizi myeupe yenye urefu wa kidole. Nilifukia ncha thelathini na moja mvua ikininyeshea mgongoni. Mikono yangu ilikuwa kama ya mtu aliyepigana na paka.

Shangazi alisimama na mwavuli akanitazama.

"Unazika kizima?"

"Nataka kiwe viwili."

"Kichwa chini?"

"Kichwa chini."

Hakucheka. Alikaa pale muda mrefu kuliko mvua ilivyoruhusu. Mtu ambaye maisha yake yote amefukia nyasi ili aje kula maharage hawezi kuona jambo hilo ni upuuzi kabisa. Baba mdogo alipopita na lori lake na kuniita kwa honi, shangazi ndiye aliyetoka kumwambia, "Bado ana wiki tatu."

Siku ilipofika nilikuwa nimeshakata ncha zote kutoka kwa mama zao, na zile za makopo nimezihamishia ukingoni mwa uzio. Ishirini na sita zilikuwa na mizizi, tano zilioza. Nyasi zilimfika shangazi kiunoni, alijipima mwenyewe mbele yangu ili nisije nikabisha. Nilichukua jembe la pili. Sikutaka alime peke yake, na sikutaka kukaa ndani nikisikiliza.

Tulianzia upande wa jiko. Shina la kwanza nililing'oa mimi. Beri ya mwaka wa tatu ina mizizi inayokwenda ndani kweli, na nilipoitoa ilikuja na donge la udongo mweusi ambao mimi mwenyewe niliutengeneza kwa samadi na kwa kungoja. Tukaligeuza ndani ya kilima pamoja na nyasi. La pili, la tatu. Shangazi alikuwa halimi kwa hasira wala kwa huruma, alilima kama anavyolima siku zote, jembe juu, jembe chini, kilima, kilima. Saa nne tukanywa uji tumesimama. Hatukuzungumza habari za beri. Alinieleza namna ya kugeuza kilima mara moja tu bila kukikandamiza, nami nikauliza kwa nini, naye akasema, "Kandamiza kimoja, kile pale, wakati wa kuvuna utaniambia." Nikakikandamiza.

Mchana tulikuwa tumebakiza mstari wa katikati tu. Mashina tisa yalikuwa chini ya ardhi. La kumi lilikuwa katikati ya kiwanja, lenye fito nyingi kuliko yote, sita au saba, kijani, zilizokatwa ncha tu. Nilinyanyua jembe.

"Hilo liache," alisema.

Nilidhani amechoka. "Nitamaliza mimi, shangazi."

"Nimesema liache." Alipita pembeni yake, akaanza kilima kipya mbele, akakizungusha kidogo ili kisigonge mizizi, kisha kingine nyuma. Mstari wake ulionyooka kama sinia ya mikate ukapinda mahali pamoja. Sijawahi kuona mstari wa shangazi ukipinda.

"Ulisema mvua tatu," nilimwambia.

"Nilisema nitalima. Nimelima." Alipangusa jembe kwa nyasi. "Mashina kumi, miaka miwili, yote unayakata siku moja. Mtu akitaka kujua kitu si anaacha kimoja?"

Nilikuwa na shahada. Nilikuwa nimefundishwa jambo hilo, kuacha kimoja cha kulinganishia, kwa jina lake kamili, na mtihani wake niliufaulu. Nilishusha jembe langu, nikalizunguka shina lile.

Mwezi wa sita sikushika panga. Nilifunga fito sita kwenye nguzo kwa kamba za magome, moja moja. Kwenye ukingo wa uzio ncha zangu zilikuwa zimeinua vichwa, lakini hizo zilikuwa za kungoja mwaka mwingine, nami sasa nilijua kungoja. Mwezi wa kumi shina lile la katikati likatoa maua meupe, na nyuki walikuja bila mafunzo yoyote. Maharage ya shangazi yalikuwa yameshavunwa, na kwa kweli kilima nilichokikandamiza kilitoa haba.

Wiki ya Krismasi nilikwenda kijijini siku mbili kumwona mama. Nilirudi asubuhi, nikachukua bakuli, nikazunguka nyuma ya nyumba. Shina lilikuwa tupu. Hata iliyong'aa haikubaki.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha, midomo pia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Zote? Zilikuwaje?"

Aliangalia vidole vyake, akaangalia shina, akaangalia ule ukingo wa uzio wenye miche ishirini na sita.

"Mwaka mmoja hautoshi kusema," alinijibu. "Tungoje za mwakani."